Walifungwaje?

Habari za mpira wa Ulaya zilitufikia usiku, kwa Kiingereza, kutoka mashirika ya Reuters na AFP. Kazi yangu kwenye dawati la michezo la gazeti moja la Dar es Salaam ilikuwa kuziandika upya kwa Kiswahili kabla kurasa hazijakwenda mtamboni. Majina ya wachezaji hayakunisumbua, wala takwimu. Kilichonichelewesha ni kitenzi cha sentensi ya kwanza. Waingereza wana utitiri wa vitenzi vya kusema timu moja imeishinda nyingine vibaya: thrash, rout, trounce, hammer, drub. Kamusi tuliyokuwa nayo pale mezani ilivifagia vyote kwa maneno yale yale, piga sana, shinda kabisa, kana kwamba vipigo vyote duniani ni kimoja.

Na sisi hatukuwa na uhaba. Mtu aliyekulia kwenye kurasa za michezo za Kiswahili anavijua bila kufundishwa: kuchapa, kutandika, kunyuka, kubamiza, kuchakaza, kufumua, kuchabanga, kugaragaza, kusambaratisha. Tatizo ni kwamba tulivichota kwa kubahatisha, tukiangalia tu kipi bado hakijatumika kwenye ukurasa ule ili vichwa vya habari visifanane.

Mhariri wangu wa kwanza hakulikubali hilo. Alikuwa mzee aliyeanza kuandika mpira tangu Simba ikiitwa Sunderland, na sote tulimwita Mzee bila kuongeza jina. Nikimpelekea habari iliyoanza na "yaigaragaza", hakuuliza matokeo, maana matokeo alikuwa anayaona. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akauliza, "Walifungwaje, mwanangu?"

Jibu la "tatu bila, Mzee" halikumtosha. Alitaka kujua mabao yaliingia dakika ya ngapi, kama kulikuwa na penalti, kama kuna mtu alitolewa kwa kadi nyekundu, na nani alikuwa na mpira muda mwingi. Timu inaweza kufungwa 3-0 baada ya kumbana mwenzake zaidi ya saa nzima, kisha ikaadhibiwa kwa mashambulizi ya kushtukiza kwa kuwa mabeki wake wote walikuwa wamepanda. Timu nyingine inaweza kufungwa 1-0 tu, lakini kipa wake ndiye aliyekuwa mchezaji wao pekee siku hiyo. Kugaragaza ni kumviringisha mtu mavumbini asiweze hata kuinuka. Ukilitazama hivyo, neno hilo linaifaa ile 1-0 kuliko ile 3-0. Nilikuwa kijana, na hesabu hiyo ilinishangaza. Leo naiona ndiyo msingi wa kazi yote.

Katika vile vitenzi vya Kiingereza, kilichonishika zaidi ni drub. Siku hizi kinaishi karibu peke yake kwenye habari za michezo na za uchaguzi, tena mara nyingi kama nomino: timu imepata drubbing, chama kimepata drubbing. Msomaji wa Kiingereza akikutana nacho anaona pengo la mabao manne au matano. Haoni fimbo. Lakini fimbo imo. Neno hilo lilianza kuonekana katika Kiingereza karne ya 17, kwenye maandishi ya wasafiri waliorudi kutoka nchi za Kiislamu za mashariki, na maana yake ilikuwa adhabu ya kumchapa mtu kwenye nyayo. Wataalamu wa asili ya maneno wanaona kuwa huenda lilitokana na Kiarabu, daraba, kupiga. Msomaji wa pwani yetu ataitambua sura hiyo mara moja, kwa sababu tunayo dharuba, pigo, na baharini tunayo dhoruba. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilisikia wavuvi wakitaja dhoruba kabla sijajua kusoma. Siku nilipogundua kwamba neno la kurasa za michezo za London huenda ni ndugu wa neno la wavuvi wa kwetu, nilikaa nalo muda mrefu.

Undugu huo haukunirahisishia kazi. Ulinionyesha tofauti ya uzito. Kwa Mwingereza, fimbo iliyokuwa ndani ya drub imeshakufa. Kwetu, fimbo iliyo ndani ya kuchapa iko hai. Mtoto anayesoma "yala kichapo" Jumatatu asubuhi anaweza kuwa anakijua kichapo kwa mikono yake mwenyewe. Bibi zetu waliijua hamsa ishirini, viboko 25 vya enzi za Mjerumani, vilivyopigwa mbele za watu kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, na jina la hesabu likageuka jina la adhabu. Kwa hiyo, ukitafsiri drub kwa kuchapa, kamusi haitakulaumu, lakini umeongeza maumivu ambayo Mwingereza hakuyaweka. Wakati mwingine maumivu hayo yanastahili, wakati mwingine hapana, na anayeamua ni wewe unayeandika, usiku, ukiwa na njaa.

Thrash ina historia nyingine, na hii naipenda. Zamani ilikuwa neno moja na lile la kupura nafaka, kisha matamshi yakatengana, moja likabaki shambani, jingine likaenda kwenye ugomvi na michezo. Nilipolijua hilo nilikumbuka mpunga wa Mombo, kwa ndugu za mama. Mafungu ya mpunga uliokatwa yalirundikwa pembeni ya turubai, watu wazima wakasimama kuzunguka gogo, kila mmoja akashika fungu kwa mikono miwili na kulipiga. Punje ziliruka kwa mlio kama wa mvua inayoanza kwenye bati. Makapi yalishika shingoni yakawasha hadi jioni. Kisha wakaja akina mama na nyungo, wakapepeta, pepe zikaenda na upepo, punje nzito zikarudi kwenye ungo. Aliyekuwa anapiga hakuwa na chuki na mpunga. Alitaka kujua kilichomo.

Wenzetu wa Kenya wamelichukua neno la pili la kazi hiyo hiyo. Fungua kurasa za michezo za Taifa Leo utakuta timu fulani imepepeta nyingine, na msomaji wa Nairobi au Mombasa hahitaji maelezo. Sisi Tanzania Bara tunalitumia kwa nadra, na nimekuwa nikilitamani. Lingefaa kwa mechi ambayo timu kubwa inamkuta mgeni aliyepanda daraja msimu huo na kumwonyesha, bila ubaya, kwamba bado hajawa tayari.

Rout ni kitu tofauti kabisa, na hapa nadhani waandishi wengi wa michezo tunakosea kwa kuichanganya na nyingine. Kiini chake ni kuvunjika. Ni neno la vita: jeshi linaacha kuwa jeshi, kila askari anakuwa mtu mmoja mmoja anayekimbia. Tanga tuna mfano wake. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale kikosi cha askari wapatao 8,000 kutoka India, wakakutana na jeshi la Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu wapatao 1,000. Vikosi vilivyoshuka vilichanganyikana vichakani, nyuki waliochokozwa na risasi wakatoka, safu zikavunjika, na mwishowe waliovamia wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Wachache waliwashinda wengi kwa sababu wengi waliacha kuwa pamoja. Kiswahili kinalo neno lake barabara, kusambaratisha, na ndiyo maana halifai kutumika ovyo.

Lilifaa tarehe 8 Julai 2014. Brazil walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia nyumbani, Belo Horizonte, wakafungwa na Ujerumani 7-1. Müller alifunga dakika ya 11, na hadi hapo ilikuwa mechi. Kisha Klose dakika ya 23, Kroos ya 24 na ya 26, Khedira ya 29. Mabao manne ndani ya dakika sita. Aliyeitazama mechi ile anakumbuka mabeki wa Brazil wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aende. Kikosi kilikuwa kimekwisha kabla ya nusu saa, wakabaki watu 11 waliovaa jezi za rangi moja. Kuandika kwamba walichapwa ni kuwapa Wajerumani sifa yote na kuficha kilichotokea upande wa pili. Walisambaratika, na Wajerumani walikuwepo kulipa jambo hilo hesabu yake.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa yetu. Mzee alikuwa amestaafu na kiti chake nimekalia mimi. Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 2015 Taifa Stars iliikaribisha Algeria Dar es Salaam kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2018. Elias Maguri alifunga kabla ya mapumziko, Mbwana Samatta akaongeza la pili baada ya mapumziko, na kwa muda uwanja mzima uliamini. Samatta wakati huo alikuwa TP Mazembe, ametoka kutwaa ubingwa wa Afrika wiki ile ile. Slimani alirudisha yote mawili, ikaisha 2-2. Watu waliondoka uwanjani wakiwa na huzuni, lakini huzuni ya mtu aliyekaribia.

Jumanne usiku ikawa marudiano, Blida. Tuliuacha wazi ukurasa wa mwisho, fundi wa kurasa amekaa na kipanya mkononi, kijana wangu mmoja anaandika huku anatazama televisheni iliyokuwa juu ya kabati. Bao la kwanza, la Brahimi, liliingia ndani ya dakika ya kwanza, kabla hata chai haijamiminwa. Kijana akaandika kichwa cha habari: "Stars yaanza vibaya". Bao la pili akakifuta, akaandika "Stars yabanwa". Stars ikabaki na wachezaji 10. Mapumziko ilikuwa 3-0 na kichwa kilikuwa "Stars taabani". Kipindi cha pili hakufuta tena, alikaa tu akiongeza namba. Ilipofika saba aliandika kwa mkupuo mmoja, "Stars yagaragazwa Algeria", akanigeukia.

"Kaka, hii hatuna jinsi. Saba hizi."

Nilimuuliza swali la Mzee, walifungwaje, naye akajibu vizuri kuliko nilivyokuwa nikijibu mimi umri wake. Bao la mapema mno limeharibu mpango. Kadi nyekundu imeharibu kilichobaki. Baada ya hapo wachezaji 10 waliokuwa ugenini, mbele ya timu yenye Mahrez, Brahimi na Slimani, wameendelea kukimbia hadi mwisho. Nikamuuliza, je, kuna aliyelala chini asitake kuinuka? Akafikiri. Akasema hapana, Kaka, walikuwa wanakimbia, ila hawafiki.

Tukaandika "Stars yafungwa 7 Algeria". Kitenzi kile kile ambacho tungekitumia kwa 1-0.

Hapo ndipo niliposhika kitu ambacho Mzee hakuwahi kukitamka kwa mdomo, ingawa nadhani alikijua. Kitenzi kizito kina kazi pale matokeo yanapoficha mchezo. Kama ni 1-0 na timu ilibanwa hadi ikasahau njia ya kutoka kwenye nusu yake, namba haisemi hivyo, basi kitenzi kiseme. Lakini saba haifichi kitu. Mtu anayesoma gazeti lililotundikwa kituo cha daladala, mikono nyuma, haongezewi chochote na kugaragazwa. Namba imeshamwingia. Anachokikosa ni kile ambacho namba haina: kwamba siku tatu kabla watu hawa hawa walikuwa mbele 2-0. Tuliliweka hilo kwenye sentensi ya kwanza.

Asubuhi simu za wasomaji zilikuwa nyingi. Walioudhika walituambia tumeficha aibu ya taifa kwa neno la kiungwana. Niliwasikiliza na naheshimu hasira yao, kwa sababu nami nilikuwa nayo. Mtu aliyeumia anatamani kuliona neno linalouma kama yeye, na gazeti la michezo linapaswa kumpa mahali pa kuumia. Ila naamini alikuwa na mahali hapo tayari, kwenye ile 7, iliyochapwa kwa herufi nene kubwa kuliko jina la gazeti.

Kuna jambo la sarufi linaloendana na hili, na vijana hulipita haraka. Kichwa cha habari cha Kiswahili kinamweka mtu mmoja mbele, na huyo ndiye mwenye habari. "Algeria yaigaragaza Stars" ni habari ya Algeria. "Stars yafungwa" ni habari yetu. Na tuna kitenzi cha ajabu kwa aliyeshindwa, kula: kala kichapo, kala mweleka. Anayeshindwa kwa Kiswahili hatendewi tu, kuna kitu kimeingia tumboni mwake na atakaa nacho. Sijui lugha nyingine ninayoisoma inayolisema jambo hilo kwa ukaribu huo, na hulitumia kula pale ninapojua timu ilijitakia, kwa kulewa sifa au kwa mgomo wa kimyakimya, kwa sababu hapo waliofungwa nao walikuwa na mkono kwenye sahani.

Mechi za watani, Simba na Yanga, zina kanuni zake. Hapo mashabiki hawangoji gazeti liwape maneno. Yanga aliifunga Sunderland 5-0 mwaka 1968, Simba akalipa kwa 6-0 mwaka 1977, na Mzee hakuwahi kuitaja hiyo sita bila kumtaja Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda tena, 5-0, na watu wakasema mkono. Neno hilo nalipenda mno. Halina fimbo wala vumbi, ni vidole vitano vilivyonyooshwa, na kila anayevinyoosha anaeleweka kutoka Kariakoo hadi Kigoma. Lakini mkono unahesabu tu, hausimulii. Katika mabao yale matano, matatu yalikuwa penalti, moja likapigwa na kipa, Juma Kaseja, na mengine na Felix Sunzu na Patrick Mafisango. Okwi ndiye aliyefunga mawili ya mchezo wa kawaida. Hadi mapumziko ilikuwa 1-0. Hiyo ni mechi ya timu iliyopoteza nidhamu ndani ya boksi lake kipindi cha pili, na ukisema imegaragazwa umeiruka hadithi yenyewe. Siku 11 baadaye Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Niliporudi kutafuta habari za mechi ile ili tuandike tanzia, niliona jinsi sehemu kubwa ya magazeti yetu ilivyojaa vitenzi na kukosa maelezo ya penalti yake: aliipigaje, alikimbilia wapi, alimkumbatia nani. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayahitaji siku ile.

Novemba 5, 2023 mkono ulikwenda upande wa pili, Yanga 5-1 Simba. Na hiyo nayo ina umbo lake. Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, wakaenda mapumziko 1-1 na hakuna aliyekuwa na haki ya kusema mbabe ni nani. Kisha Nzengeli dakika ya 64, Aziz Ki ya 73, Nzengeli tena ya 77, Pacome kwa penalti ya 87. Ndani ya dakika 23 safu ya nyuma ya Simba ilifunguka vipande vipande. Siku mbili baadaye klabu iliachana na kocha wake, Robertinho. Kijana yule wa Blida, ambaye sasa ni mhariri na ana vijana wake, aliniletea kichwa cha habari chenye "yaisambaratisha" kabla sijasema neno, na mechi ile ilikistahili kitenzi hicho kwa haki yote.

Mahali pamoja tu ndipo nilipoweka amri badala ya swali. Ni kwenye habari za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Kila mwaka zinakuja mechi za 8-0, 9-0, kwa sababu mkoa mmoja una uwanja na mwalimu wa michezo, na mwingine watoto wake wamevaa viatu vya mpira kwa mara ya kwanza wiki ile. Mwandishi aliyeko kambini, kwa mazoea ya Ligi Kuu, anatuma "yachabangwa", "yala mkong'oto". Mtoto wa miaka 12 atalikata gazeti hilo alibandike ukutani nyumbani kwao, ameshinda au ameshindwa, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza kuliona jina la mkoa wake na kujua kwamba na yeye alikuwepo. Kwenye ukurasa huo mkoa hufunga au hufungwa. Anayetuma habari namwomba anitajie kwanza aliyefunga, kisha kipa wa upande wa pili, jina lake lote, na mpira mmoja aliouokoa.